Mto Wenye Majina Yetu Chini ya Goti la Muasya

Mpendwa Mama Kanyiva,

Naomba unipe sikio lako kwa muda, na kabla sijaanza kulia acha kwanza nikuambie kwamba nina furaha, maana wengi wanaokuandikia wana waume wanaowapiga au waliowakimbia, nami naona haya kuchukua nafasi yao kwenye gazeti ilhali mume wangu ni mume ambaye ningemchagua tena kesho asubuhi hata kama wanaume wote wa Nairobi wangepangwa mstari kutoka hapa kwetu Shauri Moyo mpaka Soko la Burma. Lakini furaha yangu imeingia mchanga na sijui niutoe vipi bila kumuumiza mtu, ndiyo maana nimeketi kukuandikia wakati yeye amejilaza mchana huu, nasikia pumzi zake, na hata nikiwa na shida hii bado nazipenda.

Mimi naitwa Triza, ni Mluhya wa Vihiga, nilisoma mpaka kidato cha nne kisha nikaja kujifunza ushonaji, na mume wangu anaitwa Muasya, ni Mkamba wa Machakos, mchongaji wa vinyago katika karakana moja ya Pumwani. Tulioana mwezi wa Desemba na majirani wangali wananiita bibi arusi. Nilimpenda kwa mikono yake kwanza, Mama, nilikuwa nikipita pale karakana kila siku nikienda kushona, naye huketi chini kwenye vumbi la mbao kama wachongaji wao wote, mguu mmoja ameukunja kabisa, gogo amelibana kwa wayo wa mguu huo, na tezo linashuka karibu na vidole vyake lakini halivigusi hata siku moja, na siku niliyosimama kutazama akaniambia bila kuinua kichwa, "Dada, ukisimama hapo mwanga unakuwa mzuri zaidi," na mimi nikasimama, na mpaka leo nimesimama hapo.

Nakueleza jinsi anavyoketi kwa sababu shida yangu iko kwenye goti hilo analokunja.

Aliumia kwenye harusi yetu. Tulipotoka kanisani kule Vihiga wajomba walileta isikuti, na ngoma zile zikilia mtu hawezi kubaki kwenye kiti, basi mjomba wangu Kweyu akamzunguka Muasya akapaza sauti, "Huyu Mkamba tunampa binti yetu, lakini tumeona magoti yake? Atushukie kwanza!" Muasya akavua koti akanipa nishike, akaingia katikati, akashuka, akazunguka huku amechuchumaa, akashuka tena zaidi, wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikaona aibu ya furaha, na mimi sikujua kuwa katika kule kuzunguka goti lilikuwa limelia. Aliinuka akitabasamu, akakata keki, akawasalimia wazee wote kwa mkono. Tulipokuwa njiani kurudi Nairobi ndipo aliponiambia polepole, "Triza, goti limekataa."

"Limekataa nini?"

"Kunyooka."

Nilicheka, Mama, nilidhani ananitania kuhusu mjomba Kweyu. Halikuwa jambo la kucheka. Lilikuwa linakwama, siku nyingine linafunguka lenyewe akiwa anatembea, siku nyingine linakwama tena kama bawaba iliyoingia kijiwe. Baada ya kuzungushwa hapa na pale tulielekezwa kwa daktari mmoja aliyesomea njia mpya ng'ambo, ambaye hapasui goti lote, anatoboa matundu mawili madogo tu, anaingiza mrija mwembamba wenye kamera, anaona ndani kwenye televisheni, na kwa tundu la pili anaingiza kimkasi. Alituambia kwamba ndani ya goti kuna vijimto viwili vya gegedu ambavyo mifupa hulalia, na kimoja cha Muasya kimechanika, kipande kimejikunja katikati, kwa hiyo atakikata na kukitoa. Watu wa kanisa na wachongaji wenzake walituchangia, Mungu awabariki.

Wiki za kujitayarisha zilikuwa tamu sana, huwezi kuamini. Pale hospitalini kuna mama anayefundisha mazoezi ya viungo, Bi. Ochola, mwanamke mnene mwenye mikono ya kukandia matofali, na yeye alisema paja likipata nguvu kabla ya upasuaji, kupona ni rahisi baadaye, kwa hiyo kila jioni Muasya alilala kitandani mguu umenyooka, mimi nikamfungia pakiti ya unga kwenye kifundo, akainua, mimi nikihesabu kwa Kimaragoli chetu cha Vihiga na yeye akihesabu kwa Kikamba, tukikosana tunacheka na kuanza upya. Jirani yetu Opicho akapita dirishani akasema, "Niaje fundi! Hiyo unga inapikwa ama inafundishwa kuruka?" Tulifanya mazoezi ya magongo pia, na mpira wa chini wa gongo moja ulipoisha nilikwenda mwenyewe soko la Kariokor kwa watengenezaji wa viatu vya akala wakanikatia kipande cha tairi, kikakaa barabara. Jioni ya kuamkia upasuaji tuliambiwa asile kitu wala kunywa hata maji, na mimi sikula pia, hakuna aliyenikataza lakini chakula kingepita wapi? Asubuhi muuguzi akachora alama kwenye goti ili wasije wakafungua lisilo lenyewe, kisha akamwambia atoe pete. Muasya akafumba ngumi.

"Sista, pete hii haijazoea kidole bado. Ikitoka itapotea njia ya kurudi."

"Basi mpe mwenyewe aichunge," muuguzi akasema, na hata yeye alicheka. Niliivaa kwenye kidole gumba, ikanibana, nikaketi kwenye benchi nikiizungusha mpaka alipotolewa.

Upasuaji ulikwenda vizuri, daktari mwenyewe alinionyesha kidole gumba juu. Matundu ni mawili tu, madogo kama alama za chanjo, na hapo ndipo watu walipoanza maneno, maana waliokuja kututembelea walitarajia mshono kutoka hapa hadi pale. Mwangangi, mchongaji mwenzake, aliinama akatazama akasema, "Hapo tu? Muasya, tezo limenikata zaidi ya hivyo na nikarudi kazini kabla chai haijapoa."

Lakini maumivu yalikuwepo, Mama. Siku ya kwanza ya mazoezi Bi. Ochola alimshika mguu akamwambia abonyeze goti chini kwenye kitanda mpaka linyooke, kisha avute kisigino kuelekea makalio, polepole, akunje. Mume wangu, ambaye hajawahi kuguna hata tezo likimkosa kidogo tu, alipiga kelele, "Mwaitu!" Yaani mama yangu, kwa Kikamba. Sikujua niumie kwa sababu anaumia au kwa sababu hakuita jina langu. Nilitoka nje ya chumba nikalia kwenye korido, na maneno mengine yote ya Bi. Ochola sikuyasikia. Muasya alipotoka nilimuuliza amesema nini, akajibu, "Mambo ya mazoezi tu, na barafu, na jinsi ya kulala."

Tulipofika nyumbani niliapa moyoni kwamba mume wangu hatalia tena nikiwa hai. Kuna mto niliotarizi kabla ya harusi, wa sufi, umeandikwa Triza na Muasya kwa uzi mwekundu na njiwa wawili katikati, sikutaka mtu aukalie. Nikawaza, kama wametoa kipande cha mto wa ndani basi mimi nitampa wangu wa nje. Nikauingiza chini ya goti lake. Aliutazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Uache hapo, Triza. Ni wetu." Uso wake ukalegea kwa raha, na tangu siku hiyo hajalala bila mto ule, mchana na usiku, mimi huupiga-piga ujae vizuri kisha nauweka tena. Barafu naipata kwa muuza soda, naifunga kwa kitambaa, hiyo sijaacha. Mazoezi tulijaribu mara chache, lakini akikunja sura tu mimi nasema, "Basi, mpenzi, pumzika," naye anapumzika. Namletea maji ya kunawa kitandani, namletea chai, natoa kiti njiani, akitaka kuinuka mimi nishafika. Bi. Ochola alipouliza kama anafanya mazoezi nyumbani tulitazamana tukasema ndiyo. Mara ya mwisho hatukwenda kabisa.

Na nikuambie ukweli, zilikuwa siku nzuri. Nashona karibu na kitanda, yeye ananichongea vitu vidogo kwa kisu, vifungo, kijiko cha chumvi, tunasikiliza redio, harufu ya nyama choma inatufikia kutoka Burma tunajifanya tunaila. Nani aliyeolewa karibuni anampata mumewe mchana kutwa?

Sasa goti halinyooki. Akisimama kisigino hakigusi sakafu, na kulikunja pia hawezi, limesimama katikati kama mlango ulioachwa wazi. Mwangangi alikuja juzi hakutania. Alisema kuna kijana mgeni ameomba kuketi mahali pa Muasya pale karakana, na wazee wamesema watamngojea Muasya mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo hawajui. Mchongaji asiyeweza kukunja goti atabana gogo na nini? Muasya aligeukia ukuta. Baadaye alisema pengine daktari alimharibu.

Kisha mama mkwe, Mama Kasiva, akaja kutoka Machakos. Chumba chetu ni kimoja na mama hawezi kulala chumba kimoja na mwanawe aliyeoa, kwa hiyo jioni nampeleka kwa mke wa Opicho, lakini alfajiri amesharudi. Siku ya kwanza alinikuta nikimnawisha Muasya miguu kwenye karai, akasimama mlangoni na kikapu chake.

"Triza, mimi nilikupa mume au nilikupa mtoto wa kunyonya?"

"Mama, ni mgonjwa."

"Naona. Mimi nilimfundisha huyu kutembea mara moja, sina nguvu ya kumfundisha tena. Muasya, inuka unisalimie ukiwa umesimama!"

Alisimama kwa gongo, akayumba, na mama alipoona mguu umepinda macho yake yalijaa maji, akajifanya anatafuta kitu kikapuni. Tangu hapo anataka kumkanda kwa maji moto na mafuta, nami namzuia kwa adabu, na ameamua kwamba Jumamosi atampeleka nyumbani kwa mzee mmoja anayerudisha viungo, ambaye ataulaza mguu juu ya gogo na kuuvuta mpaka unyooke. Kliniki ya daktari ni Alhamisi hii. Muasya hataki kwenda kwa sababu Bi. Ochola ataona tulisema uongo. Nikimuuliza anataka nini, ananishika mkono ananiambia, "Sema wewe, Triza. Lolote utakalosema."

Nisemeje, Mama Kanyiva? Nikimpeleka kwa Bi. Ochola atalia. Nikimwacha aende na mama yake atalia mbali na mimi, na chumba hiki kitanishinda. Nikimwambia mama hapana nitakuwa mke wa kabila lingine aliyemnyang'anya mwanawe hata maumivu yake. Aliumia akicheza ili anipate, sasa nitampotezea kazi yake kwa kumpenda? Nisaidie, pete yake bado nimeivaa mimi kwenye kidole gumba, vidole vyake vilivimba kidogo siku zile, na kila nikitaka kumrudishia anasema nisubiri mpaka atembee.

Wako mwenye upendo na hofu,
Triza, Shauri Moyo

Mama Kanyiva anajibu

Triza mwanangu,

Umeandika nambari ya nyumba nyuma ya bahasha, na kwa kuwa Alhamisi yako itafika kabla gazeti halijatoka, jibu hili nimelituma kwa mkono. Hapa nalichapisha kwa ajili ya mabibi arusi wengine wenye mikono laini kama yako.

Kwanza inuka, nenda kitandani, utoe huo mto chini ya goti. Usisome mstari mwingine kabla hujautoa.

Umeutoa? Haya, kaa sasa nikugombeze.

Kabla ya kushika kalamu nilimsomea barua yako mtaalamu wa viungo ninayemwamini, na nilipofika kwenye njiwa wako wawili alishika kichwa. Goti lililotoka kupasuliwa, hata kwa matundu madogo, hupenda kukaa limepinda kidogo, kwa sababu hapo ndipo haliumi, na ukiliwekea mto chini yake usiku na mchana, nyama za nyuma ya goti hujifupisha, na zikishazoea hivyo hazikubali kunyooka. Ile raha uliyoiona usoni mwake ndiyo iliyomfunga mguu. Daktari hakumharibu. Mliharibu wawili, kwa upendo, mkipiga-piga mto ujae vizuri.

Nasema wawili kwa sababu nimesoma barua yako mara mbili. Bi. Ochola alisema "jinsi ya kulala," na wewe ulikuwa koridoni. Mumeo alikuwepo. Ulipoleta mto akautazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema uuache. Ule ukimya, Triza, muulize. Mimi naona kama alikuwa ameambiwa wazi kwamba asiwekewe kitu chini ya goti, na akashindwa kukuambia ukiwa umesimama pale na majina yenu mkononi. Mjomba wako alimwambia ashuke, akashuka, goti likalia, akakata keki akitabasamu. Mke amemletea mto, ameupokea. Leo mguu ni wake, kazi ni yake, naye anasema, "Sema wewe." Huyo ni mwanamume mzuri, sikatai, na mimi ningesimama kwenye mwanga huo pia. Lakini ana ugonjwa mmoja ambao kamera ya daktari haikuuona: hajui kuwakatalia watu anaowapenda. Goti litapona kabla ya ugonjwa huo, na dawa yake unayo wewe. Mwambie leo, kwa kinywa chako, kwamba akikukatalia jambo hutalia. Kisha akikukatalia, usilie.

Nawe ujitazame. Ulipomwambia, "Basi, mpenzi, pumzika," ulimhurumia nani? Yeye alikuwa amekunja sura tu. Aliyeshindwa kuvumilia alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Na siku zile nzuri, za redio na kijiko cha chumvi, zilikuwa nzuri kweli, wala sikulaumu, hata mimi niliwahi kuwa mpya ndani ya nyumba. Ila umeanza kupenda mume aliyelala. Yule uliyempenda alikuwa ameketi chini kwenye vumbi la mbao, amelibana gogo kwa wayo wake, na alikuwa na kazi kiasi cha kutokuinua kichwa.

Alhamisi mtakwenda kliniki. Wote wawili. Mkimwona Bi. Ochola usimpe hadithi ya harusi, mwambie hivi: hatukufanya mazoezi, tulikudanganya, na tuliweka mto chini ya goti. Atawafokea. Simameni afoke, akimaliza atashika mguu aanze kazi. Waongo amewaona wengi, na goti huwa limeshamwambia kabla hawajafungua kinywa. Mtaalamu niliyemuuliza anasema wiki hizi si nyingi, mguu wa namna hii mara nyingi hurudi kwa mazoezi ya kila siku, lakini ukiachwa miezi ni kesi nyingine. Daktari aangalie pia kama hakuna kingine kinachozuia, maana mimi sioni ndani ya goti kutoka hapa gazetini. Na shika hili kwa makini: siku yoyote ukiona shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, limevimba, lina moto na linauma ukiligusa, au tundu linatoa usaha, au ana homa, usikande, usingoje kliniki, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Ndiyo maana ulifanya vyema kuzuia maji moto na mafuta mpaka wenye kujua waseme. Na yule mzee wa Machakos wa kuulaza mguu juu ya gogo, hapana. Nasema mimi niliyezaliwa huko huko, na ninawaheshimu wazee wetu. Ndani ya goti hilo pamekatwa juzi. Mtu asilivute kwa nguvu zake. Muasya mwenyewe ndiye atakayelinyoosha kwa nguvu zake, kidogo leo, kidogo zaidi kesho.

Kuhusu kazi, Muasya amtume Mwangangi kwa wazee wa karakana na maneno haya: niwekeeni mahali, na kabla sijarudi chini nipeni kazi ya msasa na kung'arisha, ile inayofanywa mtu akiwa ameketi kwenye kigoda, mguu mbele. Wachongaji waliowachangia upasuaji hawatakataa kumpa msasa. Kuketi chini na kukunja goti lote atangoje ruhusa ya Bi. Ochola, hata vijana wageni kumi wakipita hapo. Na yale magongo atembelee, aende chooni kwa miguu yake, anawe mwenyewe. Opicho akimchokoza dirishani ni vizuri, amjibu akiwa wima.

Sasa mama mkwe wako. Umemwogopa bure. Mwanamke aliyeona mguu umepinda akaficha machozi kikapuni hajaja kukunyang'anya mtu. Amekuja akakuta mwanawe amelala na mke ananawisha, akatafuta la kufanya, na alilolijua ni kukanda na yule mzee. Mpe kazi nyingine. Mwambie, "Mama, Jumamosi usiende. Baki wiki mbili unisaidie, kwa sababu peke yangu siwezi kumsikia akilia." Maneno hayo hayo, usiyapambe. Mama aliyekwisha kumfundisha mtoto huyo kutembea mara moja, ukimwomba hivyo, atazipata nguvu alizosema hana. Mke wa Opicho mpelekee unga na shukrani, ana mgeni bado.

Mto wenu usiutupe wala usiufiche kabatini kama kwamba umekosa. Uteremshe uwe chini ya kisigino, hapo hapo kitandani, goti likibaki hewani bila kitu chini yake, ndivyo uzito wa mguu wenyewe unavyolivuta linyooke. Huo ndio utakuwa mwanzo wa mazoezi yenu ya jioni. Mfungie tena pakiti yake ya unga Bi. Ochola akikubali. Hesabu kwa Kimaragoli, yeye kwa Kikamba. Pete endelea kuichunga, na siku kisigino kitakapogusa sakafu, mvishe bila kusubiri sherehe.

Atalia, Triza, sitakudanganya. Ataita "Mwaitu!" kama alivyoita siku ile, na moyo utakutoka, na miguu itakuelekeza koridoni. Usitoke. Mama yake atakuwa hapo kitandani, mwache aitike yeye. Wewe endelea kuhesabu, na usiuachilie mguu.

Mama Kanyiva